Kibao Changu, Shingo Yangu

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Nakuru, na mdomo wangu hauna breki. Siku ya wazazi niliwahubiria kwamba mtoto mwenye lugha ya ziada anaweza kutafuta kazi na marafiki popote. Nikawaonyesha kibao chenye kamba: klabu yetu ya Kifaransa ikianza, anayeponyokwa na lugha nyingine anakivaa shingoni.

"Hata mimi!" nikajigamba.

Kisha klabu ikaanza, na Chebet, msichana wa Njoro, akapanda jukwaani. Mwaka jana kibao hicho kilikuwa kama sehemu ya yunifomu yake. Sasa alihutubia ukumbi mzima kwa Kifaransa, bila karatasi, mpaka mamake akasimama kumtazama. Nikashindwa kujizuia. Nikaruka, nikapiga vigelegele, nikamsifu kwa Kiluhya cha nyanya yangu, tena maikrofoni nikiwa nimeishika.

Chebet akashuka, akachukua kibao, akanivalisha mbele ya wote, kisha akaniambia maneno marefu kwa Kifaransa.

"Madam, amesema nini?" mamake akauliza.

"Amenigombeza," nikajibu, kibao kikining'inia kifuani, "na hajakosea hata neno moja."