Wiki ya Mvua Kubwa Mukuju

Mdogo wangu Athieno ni daktari, lakini ukiumwa usimpelekee kichwa chako. Yeye ni daktari wa bahari. Ndiyo, bahari! Mtoto wa Mukuju, kijiji cha bara karibu na Tororo, aliyeiona bahari kwa macho akiwa na miaka ishirini na minne, akanipigia simu kutoka Mombasa akilia kwa furaha. Mimi dada yake, Auma, nauza nyanya pale mpakani Busia, na sijaiona mpaka leo.

Alivyonieleza, kazi yake ni kuonyesha kwamba bahari ikipata joto huko mbali, mvua inazidi huku kwetu. Na ushahidi wake mkubwa ulitoka uani kwetu. Baba yetu, Mzee Ochwo, alikabidhiwa na serikali kipimamvua, kopo la shaba lililosimikwa nyuma ya jiko. Kila siku saa tatu kamili asubuhi aliyamimina maji yake kwenye glasi yenye mistari, akaandika daftarini. Miaka thelathini na minne hakuruka siku. Kuku aliyethubutu kutua kwenye kopo lile, jioni tulimla.

Daftari hilo ndilo lililomtoa Athieno. Makala aliyoandika juu ya mvua ya mwaka wa tisini na saba imenukuliwa mara elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Nilimuuliza kunukuliwa ndiyo nini. Akasema, ni wenzako kuandika kwamba jambo hili alilisema fulani. Nikamwambia, basi hata mimi nanukuliwa sokoni kila siku, tena kwa mabaya. Tulicheka sana siku hiyo.

Mwezi wa pili mwaka huu alifika nyumbani bila taarifa, uso umemshuka. Mtafiti mmoja kijana huko ng'ambo alikuwa ameandika kwamba siku nne za Novemba mwaka ule Mukuju ilipata mvua mara tatu ya Tororo mjini, na kwamba aliyepima alizibuni namba hizo.

"Kumwita Baba mwongo!" Athieno alisema. "Na amekufa, hawezi hata kujitetea. Nipe daftari, dada. Nalipiga picha, namjibu wiki hii hii."

Akalifungua mezani. Tarehe kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Mwandiko wa Baba umenyooka vilevile. Lakini mimi tarehe zile nilizijua.

Mama alikufa tarehe kumi. Athieno alikuwa shule ya bweni, katikati ya mtihani wa kidato cha nne, na wazee wa ukoo wakaamua asiambiwe mpaka amalize, asije akafeli. Ndivyo tunavyofanya huku, na tunaiita huruma. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea sabuni na sukari, asije akashangaa kimya chetu. Akaniuliza, "Mama hajambo?" Nikamjibu, "Hajambo, anakusalimia." Na Mama yuko ndani ya sanduku. Wiki mbili baadaye akaja, akakuta kaburi limeanza kuota nyasi.

Kwa hiyo hakuliona lile turubai. Tulitundika turubai kubwa la waombolezaji, na kwa vile uani palikuwa padogo, kona moja ikafungwa nyuma ya jiko, ikainama juu ya kopo la Baba. Mvua ikinyesha, maji ya turubai zima yanatelemkia mle. Niliona. Nilikuwa napika, nikajisemea, nani ana habari na kopo leo? Na Baba, saa tatu, anatoka katikati ya vilio, anamimina, anaandika alichokikuta. Hakubuni hata tone. Ila hakuinua kichwa kutazama juu.

Haki ya Mungu, nilitaka kunyamaza. Kazi yote ya mtoto yule, jina lake lote, nilivunje mimi muuza nyanya? Halafu nikamkumbuka msichana niliyempelekea sabuni. Nikaona siwezi kumdanganya mara ya pili kuhusu siku zilezile. Nikamwambia yote.

Akainamia zile tarehe nne. Kisha akauliza, "Turubai lilikuwa na ukubwa gani?"

Nikapandwa na hasira. "Athieno! Nakuambia habari za matanga ya mama yako, unaniuliza vipimo?"

"Dada," alisema, "mimi sijui kuuliza vingine."

Basi tukatoka nje. Nikamwonyesha nguzo ziliposimama, wanawake walipokaa, na sanduku lilipowekwa. Pale pa sanduku alisimama muda mrefu, daftari mkononi.

"Tarehe kumi na tano ameandika sifuri."

"Ndiyo siku tuliyomzika. Jua lilikuwa kali."

"Na bado alikuja kupima?"

"Saa tatu kamili. Vijana walikuwa bado wanachimba kaburi."

Hapo ndipo alipoanguka chini akalia. Alilia kilio cha mtu aliyefiwa siku hiyohiyo, mpaka majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Nikawajibu, Mama. Wakanitazama, wakatazamana. Mimi nikakaa chini nikamshika mdogo wangu, nikamwomba msamaha niliopaswa kumwomba tangu ule mwaka wa mtihani.

Kesho yake aliandika barua kwa wenye jarida, waiondoe makala ile, maana bila siku nne zile haisimami. Wote waliomnukuu watapata habari, na yule kijana wa ng'ambo atafurahi. Nilimuuliza kitabaki nini cha kazi yake. Akasema bahari bado inapata joto, hilo wengine wamelipima vizuri, lakini ataanza upya, na kwa umri wake si rahisi.

Kabla ya kuituma alinisomea kwa Kiswahili. Mahali pa kutaja sababu alikuwa ameandika: namba hizi zilipimwa nyumbani kwetu siku za matanga ya mama yangu, na mimi sikuwepo. Nikamwambia aongeze hapo kwamba sisi ndio tuliomficha. Akakataa, akaituma vivyo hivyo.