Bei ya Korosho Imetoka

Faraja alitengeneza programu ya simu ya kuwapasha wakulima habari za bei ya korosho kila mnada unapofungwa. Majirani zake wa mtaa wa Rahaleo wakachanga mtaji, wakaitwa wanahisa, vichwa vikawavimba. Kisha ikaja kampuni kubwa kutoka Dar es Salaam na programu ya bure, tena inayotangaza bei kwa sauti, na wateja wakahama kama waliofukuzwa.

Siku hiyo wanahisa walikutana sebuleni kwa Faraja kuamua kama waendelee au wafunge.

"Tunatwanga maji kwenye kinu," alifoka Mzee Gideoni, mstaafu wa bandari. "Tufunge, kila mtu ashike njia yake!"

Bi Mwanahawa, mwenye shamba la mikorosho kule Mahurunga, akamjia juu. "Huoni haya, Mzee Gideoni? Huyu si mtoto wetu? Hao wa Dar mimi sitaki hata kuwasikia. Mvumilivu hula mbivu!"

Faraja alitamani kumkumbatia. Kabla hajainuka, sauti nyororo ya kike ikapaa kutoka mkobani mwa Bi Mwanahawa: "Mnada umefungwa. Bei ya korosho imetoka."

Bi Mwanahawa akaubana mkoba kwapani kama anayeficha kuku wa wizi. Hakuna aliyecheka. Faraja akafungua simu yake, akaitazama programu yake mwenyewe. Bei ilikuwa bado ile ya mnada uliopita, na yeye mwenyewe alikuwa na korosho zake ghalani zikingoja kuuzwa.

Akamgeukia Bi Mwanahawa.

"Mama, hebu itoe tusikie. Imefika ngapi?"