Moshi wa Mareer

Maziwa ya nyumbani kwetu Garissa yalinuka moshi kabla ya kuwa na ladha ya maziwa. Kila jioni Shukri, mke wa kaka yangu, alitia vijiti vinavyofuka ndani ya dhiil, chombo chetu kilichosukwa kwa mizizi, akakifunika mpaka moshi ukolee, ndipo akaenda kukamua. Si kila mti ulifaa. Sisi tulitaka mareer. Lakini mwaka ule wa vita vya shifta serikali ilituruhusu kufika mtoni tu, si porini, na mareer ya karibu ilibaki mahali pamoja: kisiwani, katikati ya mto Tana.

Wakati wa kiangazi maji yalinifika magotini. Kisiwa kile kilikuwa na ngazi zake. Chini, penye matope, palikuwa na matete. Ukipanda kidogo, mikoma yenye matunda tuliyoyaguguna mpaka ufizi uume. Juu kabisa, ambako mafuriko hayafiki, migunga na mareer. Kati ya matete na mikoma palikuwa pameota kichaka kigeni chenye maua ya njano. Kililetwa na mafuriko, mbuzi hawakukigusa, na jina lake hakuna aliyelijua.

Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nimerudi nyumbani kwa kuwa barabara ya shuleni haikuwa salama. Nilikuwa na aibu kupita kiasi. Yaliyonishinda kusema niliyaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, maana pale nyumbani hakuna mwingine aliyekisoma. Siku moja nilipanda kumchukulia Shukri vijiti, nikakuta askari wawili chini ya mareer, wamevua mashati, wanacheza karata. Mmoja akaita, "Mrembo, karibu!" Miguu ikanigeuza yenyewe. Huko chini nikavunja vijiti vikavu vya kile kichaka kigeni, nikampa Shukri bila neno. Yeye alikuwa mgeni, ametoka Diff, ambako walifukiza kwa mti mwingine, kwa hiyo hakushuku kitu.

Asubuhi ayeeyo, bibi yetu, alipiga funda moja akatema mchangani. "Uchungu gani huu! Huko kwenu Diff mnafukiza kwa mavi ya punda?"

"Wallahi, ayeeyo, nimefukiza kama siku zote."

"Basi siku zote zimekwisha." Akamnyang'anya dhiil mbele ya majirani.

Kwa mke mpya, kunyang'anywa chombo cha maziwa ni kuambiwa hujawa mtu wa nyumba hii. Na kwao hakukurudika, njia ya Diff ilikuwa imefungwa. Siku tatu Shukri hakula nasi. Mimi niliandika kurasa nne za toba, nikazifungia sandukuni, kana kwamba daftari ndilo lililodhulumiwa.

Mficha uchi hazai. Siku ya nne nilichukua kijiti kilichobaki, nikakiweka mapajani mwa ayeeyo, wanawake wakiwa wamejaa uani. Akakinusa.

"Nani alikata hiki?"

"Mimi."

"Na mareer?"

"Juu kuna askari."

"Wanakula watu?"

"Wananiita mrembo."

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Ayeeyo hakucheka. Kesho yake alivuka mto mwenyewe na fimbo yake, akapita katikati ya karata zao, akamwambia mmoja kwa Kisomali asogee, amekalia kazi za watu. Alirudi na mzigo wa mareer. Hakumwomba Shukri radhi, wazee wetu hawakuzoea hayo. Aliweka dhiil mlangoni pake akasema, "Fukiza. Na huyu mrembo wako akae karibu ajifunze."

Mwaka jana nilikitazama kisiwa kile kutoka darajani. Hakina ngazi tena. Mathenge, mti ulioletwa baadaye kuzuia jangwa, umekivaa kuanzia matopeni hadi juu, kijani kimoja, miiba mitupu. Maziwa tunanunua kwenye madumu ya plastiki. Ukimuuliza muuzaji yamefukizwa kwa mti gani, anakutazama kama umepotea. Vita sivitamani, tulilala na hofu na kuamka nayo. Lakini siku zile kosa langu lilijulikana kwa funda moja. Leo ningechoma kijiti chochote, wajukuu wangu wangekunywa, wakafuta midomo, wakasema asante.