Wasiorudi Wamepona

Watu wakianza kumsifu mdogo wangu mbele yangu, mimi huchukua mkoba wangu nikaondoka. Bingwa wa macho, mtafiti, mkono wa dhahabu! Mkono anao, sibishi. Mtoto wa jicho humtoa kwa dakika saba, kwa tundu dogo lisilohitaji hata uzi. Lakini kichwa kilimvimba zamani, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo naweza kusema.

Nilikuwa muuguzi katika kliniki yake miaka kumi na minane. Kila aliyepasuliwa alitakiwa arudi baada ya wiki sita apimwe. Asiyerudi, mdogo wangu alimwandika amepona. "Mwenye afya hana haja na daktari, dada," ndivyo alivyozoea kusema. Kwa hesabu hiyo akaandika utafiti uliomfanya aalikwe kila mahali: katika kila mia, wamepona tisini na sita.

Siku zangu za mapumziko nikaanza kuwafuata majumbani wale wasiorudi. Wa kwanza nilimkuta akipapasa ukuta, anatafuta mlango wa choo chake mwenyewe. Hakurudi kwa sababu hakuwa na wa kumshika mkono. Nilitembelea kumi na wawili; wanne walikuwa hivyo. Nikampelekea orodha yao. Akaiwekea kikombe cha chai juu.

"Wivu tu huo," akaniambia. "Wewe kaa na bendeji zako."

Mganga hajigangi, wanasema. Huyu hata mama yake hakumganga. Alimpasua jicho la kushoto mwaka jana. Mwezi haujaisha, utando wa nyuma ya jicho ukabanduka, na mama akanyamaza asimtie mwanawe aibu. Kliniki hakurudi. Kwa nje jicho lilikuwa safi, na la kulia lilimtosha kumimina chai bila kukosa kikombe. Niligundua nilipomwona akigonga bega la kushoto kwenye kila mlango. Akaniapisha nisiseme. Nikanyamaza, na kwa hilo najichukia.

Kisha la kulia nalo likaanza kuingia ukungu, na mdogo wangu akapanga kulipasua mbele ya wageni na kamera. Likiharibika hilo, mama amebaki gizani.

Asubuhi hiyo niliingia chumba cha maandalizi bila kubisha hodi. Mama alikuwa kitandani, alama ya kalamu imeshachorwa juu ya jicho la kulia. Wageni walikuwa wamejaa mlangoni.

"Jicho lake la kushoto limekufa," nikasema.

"Mwongo huyo!" mama akadakia. "Naona vizuri, baba. Usimsikilize."

"Dada, toka nje."

Sikutoka. Nikamfunika mama jicho la kulia kwa kiganja. "Muulize vidole vingapi."

Kwa dharau, hata mkono hakuinua. Alisimama mikono mifukoni, kama mtu anayesubiri mvua iishe. "Haya, mama. Vingapi?"

Mama akatabasamu kuelekea sauti ilikotoka.

"Vitatu, baba."

Mdogo wangu akaitoa mikono mifukoni. Kisha akageuka, akawaambia wageni waende, upasuaji hakuna. Mama akasikia viatu vyao vikiondoka, akanishika mkono kwa nguvu.

"Au," akauliza, "vilikuwa viwili?"