Uzi mweupe katika kichupa cha Mama Precious

Asubuhi hii pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Evelina Akumu amezama hadi viwiko katika beseni la dagaa. Anakoroga, anasugua, anainua, anakoroga tena. Maji yanaruka mpaka kwenye kanga ya jirani yake.

"Mama Precious, unaosha dagaa au unapigana nao?" analalamika Getruda, anayekaanga samaki karai la pili.

"Wamekaushwa chini hawa. Ukiwabembeleza, mchanga unabaki, na mteja akitafuna mchanga harudi."

Hiyo ndiyo sifa ya Evelina sokoni: dagaa wake hawana mchanga. Mkono wake una nguvu na haraka, na kwa miaka mingi mkono huo ndio umelisha nyumba yake ya Kiseke. Lakini leo ana wasiwasi nao. Jioni atakuwa na jaribio la biolojia darasani, na wiki iliyopita ni mkono huohuo uliomwangusha.

Pembeni ya beseni, ndani ya barafu ya samaki, amehifadhi kipande cha ini la sangara.

"Hilo la kula au la kusoma?" Getruda anauliza.

"La kusoma."

"Haya. Mimi nitalinda karai lako. Wewe kapike ini lako na mwalimu."

Evelina anacheka, kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba bila Getruda asingehudhuria hata kipindi kimoja. "Kila jioni anauza vyangu pamoja na vyake. Namtaja katika sala kabla ya kujitaja mimi."

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Rorya, kando ya ziwa, akaacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki. Hakufikiria tena vitabu hadi Precious, mtoto wake wa pekee, alipoanza kuugua. Mikono ilimvimba, mifupa ikamuuma, macho yakawa ya njano. Ndugu walikuja na maneno yao. Wapo waliosema mtoto ana damu chafu. Wapo waliotaka kujua uchafu huo umetoka upande gani.

"Nilikuwa nikipiga magoti, siombi apone," anakumbuka. "Naomba Mungu aniambie nilifanya nini."

Jibu alilipata kwenye dirisha la maabara ya hospitali. Josephat, mtaalamu aliyempima mtoto, aliona mama anarudia kusoma neno selimundu, jina la ugonjwa ule. Akachukua bahasha tupu, akachora chembe mbili za damu: moja mviringo kama andazi, nyingine imepinda kama mundu wa kuvunia mpunga.

"Akaniambia, 'Mama, hakuna aliyemroga na hakuna aliyekosea. Wewe na baba yake mlibeba kitu hiki bila kujua, na nyote mkampa.' Nililia pale pale dirishani. Nilikuwa nimetua mzigo."

Siku hiyo aliomba jambo jipya: siku moja akae upande wa pili wa dirisha lile. Mumewe, Ojwang, fundi wa injini za mitumbwi, hakucheka. Alimnunulia taa ya kusomea.

Ndiyo maana anasoma masomo ya jioni kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo cha maabara kinataka ufaulu wa biolojia na kemia, na mwalimu wake alishasema wazi: atakayeshindwa jaribio la leo, jina lake litapelekwa kwa masomo ya sanaa.

Darasa ni chumba kimoja chenye madawati ya watoto. Mwalimu Revocatus Shimba, kijana anayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, anaingia na kumwinamia kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Leo sitakuonea huruma."

"Usinionee, baba. Nifundishe tu."

Kazi ni kutoa DNA kwenye ini, ule uzi wenye maelekezo ambayo mwili huyafuata kutengeneza protini zake. Ini linapondwa kwenye maji ya chumvi, kisha sabuni inaongezwa. Mwalimu anauliza kwa nini sabuni.

"Utando wa seli ni mafuta, tabaka mbili zimelaliana," Evelina anajibu. "Sabuni inaachanisha mafuta, mlango unafunguka."

"Na juisi ya nanasi?"

"Inakatakata protini zilizoushika uzi."

Majibu hayakuwahi kuwa tatizo lake. Wiki iliyopita, baada ya kujibu vizuri, alikikamata kichupa akakitikisa kama anayetoa mchanga. Uzi ule ni mrefu ajabu na mwembamba ajabu. Ulikatika vipande visivyoinulika, na kichupa kikabaki na ukungu mtupu.

Sasa anachuja, anadondosha juisi, anasubiri kidogo. Kisha anainamisha kichupa na kumimina spiriti iliyolala kwenye barafu, taratibu, ipite ukutani na kuelea juu. Mkono wa kulia unamwasha kutikisa. Anaushika kifundo kwa mkono wa kushoto.

"Mama, hao si dagaa!" anapaza sauti Obedi, dereva wa bodaboda anayekaa dawati la nyuma.

Evelina anakaza macho kwenye kichupa. Midomo yake inacheza, anaomba.

Mahali spiriti inapokutana na maji, kitu cheupe kinaanza kujikusanya. Kinapanda polepole. Evelina anaingiza kijiti, anakizungusha kidogo tu, anainua. Uzi unafuata, mrefu, unateleza, haukatiki.

"Huo si mlenda huo?" Obedi anauliza.

"Mlenda kama huo ndio uliokupa hiyo pua yako," mwalimu anamjibu, na darasa zima linaangua kicheko.

Kisha anamgeukia Evelina. "Mama, jina lako linakwenda sayansi."

"Asante, Yesu," anasema.

Mwalimu anamruhusu kuondoka na kichupa. Nyumbani, Precious, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na yumo katika wiki nzuri isiyo na maumivu, anakiinua mbele ya taa. Mama yake anamweleza kwamba katika uzi kama huu, herufi moja tu ikibadilika, protini inayobeba hewa kwenye damu hubadilika nayo. Protini hizo hushikana, chembe hupinda, utando wake hukakamaa, na chembe hukwama kwenye mishipa. Hapo ndipo mifupa inapouma.

Evelina atafanya mtihani Novemba. Akifaulu ataomba chuo, akimaliza atatafuta dirisha la kukaa, na ameanza kuweka bahasha tupu za kuchorea.

Precious bado ameshika kichupa.

"Mama, na wangu uko hivi hivi?"

"Uko hivi hivi."

"Mweupe?"

"Mweupe, mwanangu," anasema Evelina. "Hauna uchafu wowote."