Baba Aliyesikia Dhambi za Mbau

Baba alitaka kuwa padri. Aliingia seminari, akasoma Kilatini kidogo, kisha babu akafa na yeye akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake, kwa sababu ndiye alikuwa kifungua mimba. Basi akaoa, akapewa kazi ya ukatekista huku Mbau, kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha. Mwingine angeshukuru. Yeye alikuwa anasema kwamba Mungu alimwita, halafu akabadili mawazo, na mama alikuwa anamwomba asiseme hivyo mbele ya watoto.

Kazi yake niliijua vizuri. Aligonga jante, ile rimu kuukuu ya gurudumu la lori iliyokuwa kengele yetu, alifundisha watoto maswali ya katekisimu, alizika wafu, alisalisha Jumapili ambazo padri hakufika. Na padri alifika mara chache, kwa pikipiki, kutoka misheni ya Beni. Watu walipanga mstari wakaungama, naye akapanda pikipiki yake akaondoka na dhambi zetu zote. Nilikuwa mtoto, sikujua jinsi huko kuondoka kulivyotusaidia.

Habari za Uhuru tuliletewa na wafanyabiashara Waislamu wa Beni, pamoja na chumvi na vitenge. Tulicheza mpaka miguu ikavimba. Baada ya miaka michache tu, waasi nao wakafika, hao hawakuleta chumvi. Mapadri walikimbia. Karani wa serikali alijificha katika shamba la kahawa, na mtu wa kwetu, mmoja wetu, akawaonyesha waasi pale alipo. Walimuua barabarani, mchana, mbele ya mke wake. Nani aliyeonyesha? Tulibaki kuangaliana tu.

Ndipo watu wakaanza kuja kwa baba. Wa kwanza alikuwa mjane jirani yetu.

"Katekista, tutakufa na zambi zetu juu mapadri bamekimbia?"

"Sali ile sala ya kutubu, mama. Mungu atakusikia. Miye hapana padri."

"Najua. Lakini wewe unisikilize tu."

Akamsikiliza. Kesho yake wakaja wengine. Baba alikaa nyuma ya nyumba, akawapa mgongo, akamenya mihogo ili wapita njia wadhani ni mazungumzo ya kawaida. Hakumwondolea mtu dhambi, hakuthubutu. Mwishoni alisema tu, "Enda na amani." Wao waliondoka wakipumua vizuri, na yeye aliingia ndani akasukuma sahani ya ugali bila kuonja. Mama alichoka na mambo hayo.

"Hawa batu, siku vita itaisha, batakuangalia na macho gani?"

"Hii njo karama yangu," baba akamjibu. "Niliingojaka tangu zamani."

Alisema hivyo huku anatabasamu. Mwaka ule wote sikumwona tena akitabasamu, na mpaka leo nikikumbuka uso wake nasikia uchungu.

Vita ikageuka. Askari wa serikali walikuja, na padri akarudi nyuma yao. Katika mahubiri yake ya kwanza alitueleza, kwa upole kabisa, kwamba yale ya nyuma ya nyumba yetu hayakuwa sakramenti. Kila mtu aungame upya, na baba asifundishe tena mpaka askofu kule Butembo aseme neno. Watu wakaona haya. Wanawake waliolia mbele ya baba wakaanza kubadili njia wakimwona, na yule mjane akaacha hata kutuomba moto. Nawaelewa, ingawa siwasamehe. Padri anakwenda zake, lakini katekista utakutana naye kesho kisimani.

Askari walikuwa wanamtafuta aliyemuuza karani. Mtu akawanong'oneza kwamba katekista anamjua, maana alisikia dhambi za kila mtu. Wakamtoa baba nje uani kwetu, wakamlaza chini, wakampiga kwa kamba.

"Loba!" wakamwambia kwa Kilingala, aseme. "Nani?"

Mama alikimbia kumwita padri, akamleta mbio, na padri akachuchumaa karibu na kichwa cha baba.

"Katekista, wewe si padri. Siri ya kitubio haikufungi. Sema, uokoe maisha yako."

Baba alikuwa na udongo mdomoni. Akautema kwanza.

"Mon père, kama ile haikukuwa kitu, balikuja kwangu kufanya nini?"

Padri akainuka akasogea kando. Askari waliendelea mpaka wakachoka, wakamwacha hapo hapo.

Aliishi mpaka mavuno ya maharagwe, akikohoa damu. Mama alimbembeleza kila siku. "Uniambie miye tu, bibi yako." Baba aligeukia ukuta. Nilimchukia kwa ule ukuta, nasema kweli. Nilimchukia na Mungu pia, aliyempa mtu masikio ya padri akamnyima yaliyobaki. Na muda wote huo mwenye dhambi yake alikuwa akilima, akila, akipita mbele ya nyumba yetu, akisikia kikohozi. Neno moja lake lingetosha: ni miye.

Baba alipokufa walikuja wote. Walitoka hata Oicha, wakavaa nguo za misa, wakaimba vizuri kuliko Krismasi. Mmoja baada ya mwingine wakachukua udongo wakatupa kaburini, na mimi nikaangalia kila mkono, nikatafuta mmoja unaotetemeka. Mikono yote ilitulia. Baadaye, kama desturi, walikaa uani kwetu kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo mama alikuwa ameipika huku analia. Mama hakuweza kusimama, basi nikachukua kibuyu mimi, nikapita kwa kila mwanaume, na yule aliyemuuza karani akiwemo, nisijue ni yupi, nikawamiminia wote mpaka wakashiba.