Msimu Nilioacha Vidonge vya Usingizi

Majina ya wote waliomo humu ninayo kichwani. La shemeji yangu, la baba yake, la dume la ng'ombe alilokuwa akilimia, la muuguzi na kijiji alikotoka. Siandiki hata moja. Wengine wamekufa, na wengine wana wajukuu wanaoniamkia njiani. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, tena kwa kukatizwa na kilimo, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Asiyependa aweke chini.

Mume wangu alipofariki, usingizi nao ukaondoka. Hospitali ya mjini wakanipa vidonge vya wiki mbili. Daktari alisema wiki mbili, nilimsikia vizuri, simsingizii. Lakini ilikuwa miaka ile ya ruksa. Zamani dawa ilitaka cheti, na ukiwa na cheti dawa yenyewe hakuna. Sasa watu binafsi wakaruhusiwa kuuza, na kwetu huku Mtinko likafunguliwa duka la dawa. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, shikamoo haimkauki mdomoni, anakufungia vidonge kwenye kipande cha gazeti. Cheti hakuniuliza hata siku moja, nami sikumkumbusha. Wiki mbili zikawa miaka minne.

Usingizi ule haukuwa usingizi. Ulikuwa kama kufunikwa na chungu. Naamka jua limeshapanda, ulimi mzito, miguu si yangu. Na mkulima wa uwele haamki jua limepanda. Uwele ukianza kutia maziwa, kwelea-kwelea wanakuja makundi kwa makundi kabla hata jua halijatoka. Ukitaka kuuamia, yaani kuulinda na ndege, lazima uwe juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kombeo lako na madonge ya udongo, bado kuna kiza. Ukichelewa kwa muda wa kuchemsha chai tu unakuta masuke yamebaki vijiti. Misimu miwili mfululizo nilivuna vijiti.

Basi kabla ya mvua za mwaka uliofuata akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na wazee wawili. Akakaa, akakohoa.

"Shemeji, shamba lisiloamiwa ndege halina mwenyewe. Msimu huu likiliwa tena, mwakani nalima mimi. Wewe utapewa cha kula."

"Nitapewa na nani?"

"Na mimi, nani mwingine."

"Kwani mimi kuku, nimwagiwe mlangoni?"

Wazee wakacheka. Lakini hakuna aliyemwambia amekosea, na hilo ndilo lililoniuma. Wanangu wawili walikuwa mbali, wanatafuta maisha Itigi na Manyoni. Shamba ni lao, mimi nimewashikia. Likinitoka mikononi, watarudi wakute wao ni wageni kwa baba yao mdogo.

Jioni ileile nikachukua vidonge vyote nikavitupa chooni. Nilijiona shujaa. Lilikuwa kosa, na naliandika hapa ili mwingine asilifanye. Siku ya tatu mikono ilitetemeka hata uji ukamwagika, jasho linanitiririka asubuhi ya baridi, moyo unakwenda kama watu wawili wanatwanga kinu kimoja. Nikajikokota hadi zahanati.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mkali.

"Mama, umevitumia muda gani?"

"Miaka minne."

"Umeacha lini?"

"Juzi."

Akaweka kalamu chini. "Hivyo si pipi, mama. Mwili umezoea. Ukikata ghafla hivi unaweza kuanguka kifafa ufe, halafu huyo shemeji yako unayeniambia alime mpaka juu ya kaburi lako."

Akaniamuru nivirudie, nipunguze robo, nikae wiki kadhaa, niende anione, ndipo nipunguze tena. Safari ya kurudi kwa yule kijana wa duka iliniuma kuliko kutetemeka. Nikavinunua. Nikawa navikata kwa wembe juu ya kitako cha sahani, na unga unaobaki naupuliza, siulambi. Tulipanda, tukapalilia palizi ya kwanza na ya pili, mimi nakata tu. Uwele ulipoanza kutoa masuke nilimeza kipande cha mwisho, kidogo kama kucha ya mtoto.

Nikadhani nimemaliza. Wapi! Dawa ilikwisha, na usingizi haukuja. Jirani yangu, Mnyiramba aliyeolewa kwetu, mtani wangu, akaniambia nihesabu mbuzi. Mimi kuhesabu sijui sana, najua majina. Nikalala nikaanza kuwataja watu wa kijiji tulichohamishiwa wakati wa vijiji vya ujamaa, nyumba kwa nyumba, kwa mistari yake. Nikifika nyumba ya tisa namkuta yule mama aliyesema mwanangu ameiba mayai yake. Hasira inanipanda, nakaa kitako, namjibu. Yeye kafa zamani, mimi bado namjibu! Nikaona dawa hii ni mbaya kuliko ile ya dukani.

Nikaacha kuufukuzia usingizi. Nikasema, ukitaka kuja mlango unaujua. Macho yakikataa, naondoka kitandani, nakaa kwenye kigoda nabangua karanga. Yakizidiwa, nalala. Mchana sikulala hata nilipoyumba, maana muuguzi alisema nikilala mchana nimeuiba wa usiku. Watu walisema nimekonda. Nimekonda, ndiyo. Hawakunilisha wao.

Na kila alfajiri nilikuwa juu ya dungu. Jirani kwenye lake, mimi kwenye langu.

"We Mnyaturu! Macho mekundu hivyo, ndege watakimbia wenyewe!"

"Na wewe piga kelele tu, Mnyiramba, kombeo la nini na mdomo huo!"

Asubuhi moja, kiza hakijaisha, nikaona vivuli viwili vinakuja taratibu kwa njia ya ng'ombe. Sikuwa nimelala usiku huo hata kidogo. Nilimjua kwa mwendo: shemeji, na nyuma yake mmoja wa wale wazee. Amekuja na shahidi amwonyeshe mwanamke aliyelala. Nikawaacha wafike ukingoni.

"Shemeji, karibuni! Pitieni pembeni, mnanivunjia uwele."

Akashtuka. "Aa, shemeji... tunatafuta ndama."

"Ndama kapotea kwenye uwele wangu?"

Mzee akasema, "Ndama huyo ana akili, kaja penye chakula." Akacheka peke yake.

Nami nikateremka ngazi moja, nikamwamkia mzee kwa heshima zote, kisha nikapanda tena, maana ndege walishaanza kuvuma upande wa mashariki kama mvua inayokuja. Nikazungusha kombeo. Donge la kwanza lilipita juu ya kichwa cha shemeji. Sikumlenga, lakini kuinama aliinama.

Tulivuna. Kihenge kilijaa hata mfuniko ukakaa upande, na yule mzee nilimpelekea debe la pombe ya uwele huohuo, akaieleza habari ya ndama kwa kila aliyekunywa.

Usingizi wangu ulirudi kwa vipande, miezi mingi baadaye, na haujawahi kuwa mzima. Mpaka leo naamka saa tisa za usiku. Watoto wa watoto wangu wanasema bibi aende akapewe dawa. Nawaambia nilishapewa.

Mvua ziliporudi, shemeji alileta ng'ombe wake na plau. Nikaenda nikasimama mpakani tangu mapema, mikono nyuma. Alilima la kwake, lililopakana na langu, mstari kwa mstari, akija upande wangu. Alipofika mpakani akanitazama, nikamtazama. Akageuza ng'ombe.